Kijiko cha Bibi Omega

Bibi mwenzangu, yaani mama yake mkwe wangu, alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na hajawahi kutupa nafasi ya kulisahau hilo. Siku hiyo alikuja kwangu na chupa ya mafuta ya samaki, akaiweka mezani kama aliyeleta kombe la mpira.

"Humu mna omega-3," alisema. "Mwili hauwezi kujitengenezea. Ubongo wa mtoto unaihitaji, na macho pia. Kijiko kimoja kidogo kwa siku, basi."

Mkwe wangu alimshukuru mama yake mpaka akaishiwa maneno. Mimi niliyemshonea mjukuu nguo zote, hata ahsante ya juu juu sikuipata. Roho iliniuma, sifichi. Mwisho wa mwezi mkwe wangu angerudi kazini, na mtoto angeshinda kwa bibi mmoja kati yetu. Nilimtaka mimi. Nyumba yangu ilikuwa kimya mno, mimi na mume wangu tu.

Basi nikanunua chupa yangu, kubwa kuliko ile. Kila mtoto alipoletwa kwangu nilimbana mapajani, nikammiminia kijiko cha supu. Akianza kuongea, nilijiambia, watajua akili hizo zimetoka jiko gani. Sikujua kwamba Bibi Omega, maana ndivyo nilivyombatiza, naye alikuwa ameshaongeza vijiko kwake ili anipiku.

Mtoto akaanza kuharisha. Alinuka samaki kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Tukampeleka hospitali, mimi, mkwe wangu na mama yake, na daktari akauliza ni nani anayempa mafuta.

"Mimi," sisi bibi wawili tulijibu kwa pamoja, kisha tukatazamana kama majogoo.

"Wekeni chupa zote kando," daktari alisema. "Mtoto huyu anakula vizuri. Mpeni samaki mwenyewe, mara mbili kwa wiki inatosha."

Mtoto alipopona tulikutana kwangu kuamua atashinda kwa nani. Bibi Omega akanyoosha mikono. "Njoo, mume wangu, njoo kwa bibi."

"Mume wa nani?" nikamkata. "Mchumba wangu huyo. Njoo huku!"

Mtoto alituangalia, huyu kisha huyu, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Halafu akageuka, akaenda kibarazani alikokuwa mume wangu wa ndoa, fundi viatu, akila samaki wake taratibu bila kujua omega ni mdudu gani. Akapanda mapajani pake na kufungua mdomo.

"Basi atashinda hapa, na babu yake," mkwe wangu aliamua. Mama yake akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kwa hiyo nimeshinda, si ndiyo? Mtoto yuko kwangu kila siku. Jana nilichemsha samaki, nikatoa miiba yote, nikapuliza mpaka akapoa, nikampelekea kipande mdomoni. Akakaza midomo na kugeuza uso.

"Hebu nipe," mume wangu alisema. Akakichukua kipande kilekile mkononi mwangu, na mtoto akapanua mdomo mpaka nikaona meno yake yote manne.

"Unaona? Anapenda upishi wako," akaniambia, wala hakuwa akinidhihaki.

Nilienda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.