Gari la Esnath

Hamis, fundi umeme wa magari pale Makandana mjini Tukuyu, alikuwa na msemo wake: mgonjwa ndiye huifuata hospitali. Aliusema kwa kila aliyemwomba aende nyumbani kwake, na kwa mzee Anyosisye wa Kisiba aliusema mara tatu.

Mzee alikuwa na gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda na jiko ndani, aliloachiwa na wazungu aliowaendesha miaka mingi. Likilala nyumbani kwake, asubuhi haliitiki ufunguo na taa haziwaki. Majirani hulisukuma mteremkoni likawaka, naye hulipandisha hadi Tukuyu. Likifika gereji, taa zote zinawaka kama za harusi. Hamis aliweka mita kwenye betri, akaona umeme umejaa, akafunga boneti.

Mara ya tatu uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, gari zima hili. Labda tukupime wewe!"

Wateja wakacheka. Mzee hakucheka.

"Njoo ulione pale linapolala, mwanangu. Mke wangu Esnath anataka kumwona dada yake Kyela. Kwenye kiti hawezi kukaa, nyonga zimekufa. Ni kitanda cha humu tu. Likinizimikia naye njiani nitafanyaje?"

"Mgonjwa huifuata hospitali, mzee wangu."

"Ndaga," mzee akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki tatu Esnath alifariki. Hamis akaenda kuzika. Mteja ni mteja, na aibu nayo ilikuwa imeanza kumtafuna. Chini ya turubai alimkuta Agness, dada wa marehemu, amelala mkekani, maana naye mgongo wake hauwezi kiti. Wajukuu walikuwa wamempakia kwenye pikapu juu ya godoro. Kwa mazishi usafiri haukosekani. Wa kumkutanisha na dada yake akiwa hai ndio haukupatikana.

Gari-nyumba lilikuwa nyuma ya migomba, limesimama mteremkoni, pua imeinamia barabara. Baada ya maziko Hamis akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya. Akafungua boneti, ingawa kosa alilijua kabla hajaangalia. Betri haikuwa na mkanda wa kuishika. Kwenye mteremko iliteleza mbele na kuuvuta waya wake mnene, na nati inayoubana ilikuwa imelegea. Gari likipanda Tukuyu, betri hurudi nyuma na waya hugusa tena. Yeye aliweka mita tu, hakuutikisa ule waya hata kwa kidole.

Akakaza nati, akaifunga betri kwa mpira. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Taa ya ndani ikawaka juu ya kitanda kilichotandikwa kitenge kipya, na kando yake begi dogo, limefungwa tayari.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Ilikuwa nini?"

Angeweza kutaja ugonjwa mkubwa, na mzee angeamini.

"Nati, mzee. Nati moja. Nisamehe, nilipaswa kuja."

Mzee akaingia, akalisogeza kando lile begi la safari ya Esnath.

"Mlaze Agness humu umrudishe kwake. Uendeshe wewe, mwanangu. Mimi njia ile sitaiweza."

Wakamlaza Agness mahali pa mdogo wake. Kabla hawajaiacha migomba alikuwa amelala usingizi. Hamis akaliachia gari taratibu, sikio lote liko kwenye betri. Kutoka Kisiba hadi Kyela sehemu kubwa ni kushuka tu. Taa haikuzimika hata mara moja.