Jicho la Upepo

Bibi Ruthu alisema hahami, na yeye akishasema, ndiyo basi tena. Nyumba ya matofali aliyojengewa na mwanawe Elisha pale pale Buigiri, ng'ambo ya zizi, ilikuwa tayari, madirisha ya vioo mapana kama milango. Huku nyumba yake ya tembe imepasuka ukuta. Mvua ya kwanza tu, paa lote la udongo lingemshukia kitandani. Anna, mjukuu aliyekuja likizo kutoka chuo cha Dodoma, alikuwa akitazama mawingu kwa hofu.

"Mama, nimekosea nini?" Elisha aliuliza, karibu kulia.

"Madirisha. Vumbi lote litalala na mimi. Na kila apitaye ataniona nikijikuna!"

Elisha akasusa, akaenda zizini. Wakaidi wawili, damu moja!

Sasa Anna alikuwa na kazi ya chuo: achague nomino moja ya Kiingereza, aeleze maana na asili yake. Akachagua "window", maana ndiyo iliyokuwa inawagombanisha watu wake. Alichokisoma kilimfanya akimbilie kwa bibi yake, aliyekuwa anapeta mtama.

"Bibi, sikia! Waingereza neno lao la dirisha walilipata kwa watu wa kaskazini, kwenye baridi. Maana yake jicho la upepo. Lilikuwa tundu tu, la kupitisha hewa na mwanga. Vioo vimekuja baadaye."

Ungo ukatulia. "Tundu?"

"Tundu, Bibi."

"Hao ndio watu!" Akaonyesha kitundu cha ukutani, anamochungulia ng'ombe tangu alipoolewa. "Jicho ni hili. Baba yako amenijengea macho ya chura."

Anna alicheka weee, kisha akakitazama tena kile kitundu. Akatoka mbio hadi zizini.

"Baba, Bibi haikatai nyumba yako. Anataka tundu lake."

Kesho yake Elisha aliziba vioo vya chumba cha mama yake kwa matofali, akatoboa ukuta upande wa zizi, mama mtu akisimamia: "Shusha kidogo! Mimi twiga?" Jioni Bibi akahamia.

Siku ya nne mvua ikaja, na tembe ikaanguka yote. Elisha alisimama mvuani akikitazama kile kifusi, akiwaza pale kitanda cha mama yake kilipokuwa.

"We Elisha!" sauti ikatoka tunduni. "Zizi umeacha wazi, ndama huyo anatoka!"

Elisha akamkimbilia ndama, analia na kucheka.