Kurasa Thelathini na Nne Kuhusu Hali ya Dunia

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, barua ya wakala wa meli iliingia masjala. Niliigonga muhuri wa kupokelewa, nikaandika saa pembeni, kisha nikaisoma. Ilikuwa na aya mbili. Njia ya bahari ya kuelekea soko la mnunuzi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano, na safari mbili zilizofuata zilikuwa zimefutwa. Sabuni za mteja wetu zingebaki bandarini mpaka itangazwe vinginevyo.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kwenye masjala ya ofisi hii ya mawakili. Kazi yangu ni kujua karatasi gani imeingia, imetoka saa ngapi na iko mezani kwa nani. Sheria sikuisomea. Lakini aliyeishi na mikataba muda wote huo hujifunza jambo ambalo baadhi ya walioisomea bado hawajalifikia: mkataba hausomwi ili kuielewa dunia. Husomwa ili kujua nani apeleke nini, wapi, kabla ya lini.

Nilitoa faili. Kifungu cha kumi na tisa kilisema kwamba likitokea jambo lililo nje ya uwezo wa muuzaji likazuia mzigo, muuzaji amjulishe mnunuzi kwa barua iliyosainiwa na mkurugenzi wa kiwanda, ifike mkononi kwenye anwani ya mnunuzi ndani ya siku saba tangu apate habari. Barua pepe haihesabiwi. Kifungu cha ishirini na nne kilisema kwamba mizigo miwili mfululizo ikikosekana bila taarifa hiyo, alama ya sabuni katika soko la mnunuzi inakuwa mali ya mnunuzi.

Alama yenyewe ilikuwa kiganja cha mkono wa kushoto ambacho kidole chake cha pete hakikufika mwisho. Mama aliyeanzisha kiwanda alikatwa ncha ya kidole hicho na waya wa kukatia sabuni. Alipotakiwa kuchagua alama, alichovya kiganja kwenye wino akakigonga kwenye karatasi, akarudi kazini. Sasa kiwanda ni cha binti yake, na robo tatu ya sabuni zake zinauzwa ng'ambo. Kule hakuna anayejua jina la kiwanda. Watu huingia dukani wakaomba ile ya mkono.

Wakili wa kiwanda ni mtoto wa kwanza wa mama huyohuyo, na ndiye mwenye ofisi hii. Wateja humwita Daktari. Sisi wafanyakazi, akiwa hayupo, humwita Bwana Mwelekeo, kwa sababu hawezi kuagiza hata wino wa mashine bila kueleza kwanza mwelekeo wa uchumi wa dunia. Kifungu cha ishirini na nne kilitoka kwa mnunuzi, na wakili wetu huyu ndiye aliyekipitisha. Nilipomuuliza wakati ule, alinijibu kuwa ndivyo mikataba ya kisasa inavyoandikwa.

Nilihesabu siku. Taarifa ilitakiwa iwe imefika kabla ya kuisha Jumatatu iliyofuata. Kampuni ya vifurushi huchukua siku nne kufika kule. Kwa hiyo barua ilipaswa kuondoka Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni, gari lao la mwisho linapoelekea uwanja wa ndege. Nikapiga chapa barua ya mistari sita: habari ni hii, imetufikia siku hii, mizigo iliyozuiwa ni hii, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa. Chini nikaacha nafasi ya saini ya dada yake. Saa nne kasoro robo ilikuwa mezani kwa wakili.

Ilirudi siku ya pili, saa tano. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Haina uchambuzi.

Niliingia kumuuliza. Alikuwa amezungukwa na majarida, na kwenye kompyuta alikuwa amefikia ukurasa wa tisa. Alinieleza kwamba tukio hili si la meli mbili. Ni dalili ya kuvunjika kwa mfumo mzima wa biashara uliojengwa tangu vita kuu, na mnunuzi angepokea waraka ambao ungemfanya aone aibu hata kutaja kifungu cha ishirini na nne. Nilimwambia mnunuzi hahitaji kuona aibu, anahitaji kupokea barua, na gari linaondoka Alhamisi saa kumi.

"Wewe dada ni mtu wa saa," alisema, akacheka kwa upole, kama anayemsamehe mtoto. "Na ofisi inahitaji watu wa saa. Lakini mambo makubwa hayaendeshwi na saa ya ukutani."

Saa ya ukutani, kwa kumbukumbu, ilikuwa sahihi.

Jumatano saa tatu asubuhi mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mikono imekauka kwa magadi, na huja na viatu vya kazini kwa sababu hana muda wa kubadilisha. Alikaa kwenye benchi la masjala akaniuliza, bila kuzunguka, kama kiganja cha mama yake kiko salama. Nilimwonyesha vifungu viwili. Alivisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Kisha nikamwekea mbele ile barua ya mistari sita, nakala safi isiyo na wino mwekundu, pamoja na kalamu.

"Nikisaini hapa inatosha?" aliuliza.

"Inatosha. Mkurugenzi ni wewe. Naita mtu wa vifurushi sasa hivi."

Alishika kalamu. Namwandikia haki yake: aliishika, akaifikisha kwenye karatasi. Kisha akatazama mlango wa kaka yake.

"Yeye anasemaje?"

Nilimwambia anasema haina uchambuzi. Akaweka kalamu chini. Alisema baba yao alifariki yeye akiwa darasa la tano, na kaka ndiye aliyemsomesha, akamwoza, akasimama kwenye kila kikao cha familia. Hajawahi kupeleka karatasi popote bila kaka kuiona. "Siwezi kumruka kaka, dada. Watu watasema nimeota mapembe."

"Mapembe hayaonekani kwenye bahasha," nilimwambia.

Alicheka kidogo, akaingia kwa kaka yake na karatasi mkononi. Alikaa humo dakika hamsini. Mlango wetu ni mwembamba, na sauti ya Bwana Mwelekeo imezoea kumbi. Nilisikia habari za minyororo ya ugavi, za sarafu kuu na wapinzani wake, za mataifa yanayorudi nyuma ya kuta zao. Sauti ya dada yake niliisikia mara tatu. Mara zote tatu alikuwa anaitikia.

Alipotoka hakuwa na karatasi. Alisema kaka amemhakikishia kuwa waraka utakuwa tayari kesho, na kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Nilimuuliza kesho saa ngapi. Alisema hakuuliza, isije ikaonekana anamharakisha.

Nimekutana na ujinga wa aina nyingi, na ule wa asiyejua haunisumbui sana. Unaonitia kichefuchefu ni huu wa watu wanaoijua tarehe, wanaoitamka kwa usahihi kabisa, halafu wanaipisha njia ili heshima ipite kwanza.

Alhamisi saa tisa na nusu alasiri mtu wa vifurushi alifika, kwa kuwa nilimwita bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Aliegemeza kofia ya pikipiki kwenye kaunta yangu. Wakili alikuwa ukurasa wa ishirini na saba, unaohusu ongezeko la wazee katika nchi tajiri. Niliingia nikamkumbusha. Aliinua kiganja bila kugeuka. Saa kumi kasoro dakika tano niliingia tena, nikamwambia atume mistari sita leo na waraka wake ufuate wiki ijayo, hakuna sheria inayokataza. Alinijibu kwamba huwezi kumpelekea mtu mifupa leo, nyama wiki ijayo.

"Dada, hicho wanachoandika humo ni barua au msahafu?" mtu wa vifurushi aliniuliza.

Nilimwambia ni barua ya kusema meli haiji.

"Mbona wewe umeshaisema," alijibu, akavaa kofia yake. Aliondoka saa kumi na dakika ishirini, mkono mtupu, akiwa tayari amechelewa kwa ajili yetu.

Mimi nisingeweza kusaini. Hilo ni kweli, na nimelisema mara nyingi kuliko linavyohitaji kusemwa.

Waraka ulikamilika Jumamosi. Kurasa thelathini na nne, tanbihi mia moja na kumi na mbili. Taarifa yenyewe, maana hatimaye ilikuwemo, ilianzia katikati ya ukurasa wa thelathini na mmoja. Dada yake alisaini Jumatatu asubuhi, ukachukuliwa siku hiyohiyo, ukamfikia mnunuzi Ijumaa. Risiti ninayo. Siku ya kumi na moja.

Mnunuzi alijibu wiki ya tatu, baada ya meli ya pili kukosekana. Barua yake ilikuwa na mistari minne. Haikuutaja mfumo wa biashara wala vita kuu. Ilitaja tarehe mbili na vifungu viwili, ikashukuru kwa ushirikiano. Niliigonga muhuri nikaona haya, kwa sababu ilikuwa barua nzuri.

Mkataba ulisema mgogoro uende kwa msuluhishi mmoja, na msuluhishi alikuwa mama mwenye mvi aliyesikiliza shauri kwa njia ya video, kutoka chumba chenye rafu tupu. Ilikuwa miezi minne baadaye, Jumanne, saa nane mchana. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya vielelezo. Mwenye kiwanda alikaa kiti cha pembeni, safari hii amevaa viatu vya kutokea. Wakili wa mnunuzi alizungumza dakika sita akanyamaza. Bwana Mwelekeo alianza na karne iliyopita.

Msuluhishi alimwacha kwa dakika kumi na nane. Kisha akauliza, "Bwana wakili, taarifa ilimfikia mnunuzi tarehe ngapi?"

Akajibu kwamba swali hilo haliwezi kutenganishwa na mazingira ya kiuchumi yaliyotawala.

"Nalitenganisha mimi. Tarehe ngapi?"

Akaitaja.

"Ni siku ya ngapi hiyo?"

Alitazama karatasi zake, kana kwamba namba ingekuwa imehama. "Ya kumi na moja."

"Kulikuwa na kitu chochote kilichomzuia mteja wako kutuma ukurasa mmoja siku ya kwanza?"

Hapo mwenye kiwanda aliinua kichwa akamtazama kaka yake. Hakuwa na hasira usoni; alikuwa anasubiri jibu kama sisi wengine. Wakili alisema kwamba ukurasa mmoja usingeutendea haki uzito wa suala. Msuluhishi aliandika kitu kifupi, akashukuru pande zote, akazima.

Uamuzi ulitoka wiki ya tano. Ulikuwa na kurasa nane. Aya ya kumi na nne ilisema kwamba msuluhishi ameusoma waraka wote wa muuzaji, hana sababu ya kupinga maoni yake kuhusu uchumi wa dunia, na kwamba hayahusiani na shauri. Kufungwa kwa njia ya bahari kungekuwa utetezi kamili kama taarifa ingefika kwa wakati. Haikufika. Alama ya kiganja katika soko la mnunuzi ilikuwa mali ya mnunuzi.

Bwana Mwelekeo aliusoma amesimama. Alisema ni uamuzi wa kiufundi, wa mtu asiye na upeo. Mwezi uliofuata aliufupisha waraka wake akausoma kwenye kongamano la wanasheria wa biashara, akapewa ngao ya kioo. Wasikilizaji, nimeambiwa, walisimama kumpigia makofi. Ngao iko kwenye rafu ya mapokezi, na msafishaji anaifuta kila asubuhi.

Msajili wa alama za biashara wa nchi ya mnunuzi alithibitisha uhamisho kwa barua iliyoingia masjala Jumatano, saa tatu na dakika arobaini. Nilimpigia mwenye kiwanda, nikamsomea. Aliniuliza kama sabuni zilizoko stoo bado anaweza kuzipeleka kule zikiwa na alama ile. Nilimwambia hawezi. Aliniuliza faili lake ni nene kiasi gani. Nikamwambia majalada mawili.

Alikuja saa tisa alasiri na mtunza stoo wake, wakiwa na katoni tupu ya sabuni. Nilimpa daftari la kutolea mafaili. Alisoma kila safu kabla ya kujaza, akauliza ile ya mwisho ni ya nini, nikamwambia ni ya sababu. Aliandika: Nahama ofisi. Akasaini, akaweka na saa: tisa na dakika ishirini. Mtunza stoo alibeba katoni. Mlango wa kaka yake ulikuwa wazi na yeye alikuwa ndani, anaongea na simu. Mwenye kiwanda alipita mbele yake, akateremka ngazi.