Naam ya Baba

Baba yangu akiitwa huitika "Naam!" Hana "ehe", hana "mm", hana kuguna. Mwite ukiwa bafuni, mwite ukiwa barabarani, naam yake itakufikia ulipo. Ndivyo alivyolelewa, na sisi wanawe alitufokea miaka mingi mpaka tukajua kuitika kama watu. Sikudhani hata siku moja kwamba neno hilo lingekaribia kumwacha kipofu.

Baba ni seremala mstaafu, na aliyemstaafisha ni mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika, la kulia likabaki na ukungu tu. Mimi humtania, "Baba, na uzee wote huu bado unapata watoto?" Yeye hucheka, kisha mkono unapapasa chini ya kiti kuhakikisha randa yake ipo. Hana cha kuranda, ila anataka aijue ilipo.

Kutwa alikuwa akiketi mlangoni mwa saluni yangu, simu mapajani, akingojea hospitali ya macho impigie. Utaratibu wao ni huo: nafasi ya upasuaji ikipatikana wanampigia mgonjwa, na asipopokea anapewa mwingine. Niliwaomba waandike namba yangu, baba akakataa katakata.

"Jicho langu, simu yangu," alisema, na akishasema hivyo hata ungegaragara chini.

Basi simu ikawa inalia kweli. Ila haikuwa hospitali, ilikuwa kampuni ya bima ya mazishi.

"Mzee wangu, umejiandaaje na safari ya mwisho?" aliuliza binti mmoja mwenye sauti ya asali.

Baba, ambaye amechonga majeneza ya nusu ya mtaa huu, akamjibu, "Mwanangu, sanduku langu nitalichonga mwenyewe. Ngoja nipone macho kwanza."

Nikadhani yameisha. Wapi! Walipiga asubuhi, walipiga tukila, walipiga baba akiwa msalani. Nikizuia namba hii wanakuja na nyingine. Kuacha kupokea hatukuweza, maana hospitali nayo hupiga kwa namba tusizozijua.

Siku moja nikaenda hospitali kuulizia. "Juzi tulimpigia, simu ilikuwa inatumika," muuguzi aliniambia. "Tukampa mwingine. Wiki hii tutampigia mara moja tena, na safari hii apokee, dada. Hilo jicho lililobaki halina muda."

Juzi! Juzi baba alikuwa anaelezwa raha ya kuzikwa kwa heshima. Nilirudi nyumbani damu inanichemka.

Walipopiga tena nilikuwa namsuka mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa siku nyingi ambaye mdomo wake haujui likizo. Niliichukua simu kwa baba, nikaiweka kwenye spika. Kwanza ile mashine yao ikasema kama kawaida: "Simu hii inarekodiwa ili kuboresha huduma." Kisha Sauti ya Asali akaanza, "Mzee wangu..."

"Siye mzee wako, ni bintiye. Nipe mkubwa wako."

Akaja mwanamume wa kukohoakohoa, akasema yeye ndiye msimamizi.

"Kaka, habari ya kazi. Naomba mumfute baba yangu."

"Dada yangu, hatumpigii mtu bila ridhaa yake. Mzee alikubali mwenyewe. Sauti yake tunayo."

Nikamgeukia baba. Akatikisa kichwa, uso ameukunja.

"Iwashe tuisikie," nikasema.

Msimamizi akaiwasha. Sauti ya Asali ikauliza, "Mzee wangu, ungependa tuendelee kukupigia mpaka utakapojiunga?" Kwa mbali nikajisikia mimi mwenyewe nikimuuliza baba kama chai yake niongeze sukari. "Mzee? Mzee wangu!"

"Naam!" ikaitika sauti ya baba, safi kabisa, na rekodi ikaishia hapo.

"Ala!" akaruka mwalimu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Ndiyo kukubali huko?"

"Kaka, huyo ameitwa, akaitika," nikasema. "Hajakubali kitu."

"Kwenye mfumo wetu, dada, naam ni ndiyo. Ikisharekodiwa, imerekodiwa."

"Kumbe nimejitia kitanzi mwenyewe," baba akasema taratibu, ameinamisha kichwa. Iliniuma sana. Mtu mzima anaionea haya adabu yake! Nilitaka kumtukana yule bwana matusi yote ninayoyajua, na ninayajua mengi. Badala yake nikavuta pumzi, nikalainisha sauti.

"Sawa, kaka, nimekuelewa. Sasa niambie, utamfuta baba sasa hivi, asipigiwe tena na mtu wenu yeyote kwa namba yoyote?"

Nikasikia anabofyabofya kompyuta, anatafuta la kunijibu. Sikumngojea.

"Kaka?" Bado anabofya. "Kaka yangu!"

"Naam, dada!"

Saluni nzima ikalipuka. Mwalimu alipiga makofi mpaka kitana kikamtoka nyweleni.

"Asante sana kwa kukubali," nikasema. "Na simu hii si inarekodiwa?"

"Dada, mimi nilikuwa naitika tu..."

"Na mwenzio alikuwa anaitika tu!" mwalimu akamfokea.

Upande wa pili mtu akaangua kicheko. Alikuwa Sauti ya Asali. "Bosi, hapo amekuweza," nikamsikia anasema. "Mfute tu mzee wa watu."

Msimamizi akabofya tena. "Nimemfuta," akasema kwa unyonge.

"Rudia, rekodi ikusikie vizuri."

"Nimemfuta, dada. Hatapigiwa tena."

Nilikata simu, nikacheza katikati ya saluni na kitana mkononi. Wallahi nilijiona mkubwa kuliko kampuni yao.

Simu ikatulia. Ila baba naye akatulia. Naam akaiogopa. Mteja akimwita, anauliza kwanza kwa upole, "Unataka nini?" Nyumba ikawa ngeni masikioni mwangu, na hilo lilinikera kuliko simu zao zote.

Wiki haijaisha, simu ikalia. "Nani mwenzangu?" baba akauliza, akabonyeza spika kama nilivyomfundisha.

"Hospitali ya macho hapa. Mzee, nafasi yako imepatikana, kesho asubuhi. Uko tayari kufanyiwa upasuaji?"

Baba akageuza uso, akinitafuta upande nisiokuwepo.

"Mzee?" muuguzi akaita. "Mzee, unanisikia?"

Nikaenda nikamshika bega. "Baba, hii ni yako. Itika."

Akainama, akaichukua randa chini ya kiti, akasimama wima mlangoni.

"Naam!" akasema, mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka. "Naam, binti yangu! Naam kabisa!"