Lakiri ya Mama Nukta

Ubalozini, afisa wa mambo ya raia alibandikwa jina la Mama Nukta, kwa kuwa fomu iliyokosa hata nukta aliirudisha ilikotoka, hata iwe imeletwa na balozi mwenyewe. Dereva wake alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuwaendesha maafisa sita kabla yake, na wote hao sita walikuwa wepesi wa kalamu. Huyu wa saba alimchosha.

Siku hiyo dereva alikuwa na haki ya kunung'unika. Raia mmoja, mwashi, alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tano pamoja na mwenzake wa nchi nyingine, jukwaa la ujenzi lilipokatika. Wote wawili walifariki. Ndege ingeondoka saa kumi jioni, na nyingine mpaka baada ya siku sita. Nyumbani mama mzazi alikuwa akimngoja mwanawe amzike, na kaburi lilikwisha kuchimbwa. Kilichobaki ni saini ya Mama Nukta, na muhuri wake wa lakiri juu ya jeneza.

"Saini tu, Mama," dereva alimwambia. "Karatasi zimenyooka kama rula."

"Karatasi zimenyooka. Yeye sijamwona."

"Na ukimwona utamjua? Mliwahi kunywa chai pamoja?"

"Ndiyo maana napiga simu, kaka yangu."

Akampigia dada wa marehemu. Alimpa pole bila haraka, kisha akasema, "Mdogo wangu, nakuuliza jambo gumu. Mwilini mwake kuna kitu ambacho pasipoti haikijui?"

Dada alilia, halafu katikati ya kilio akacheka. "Kidole gumba cha kushoto. Nilimbana na mlango tukiwa wadogo, ukucha haukuota tena. Mpaka leo tukigombana ananiinulia kile kidole."

Chumba cha maiti kilikuwa na vigae vyeupe, droo za miili ukutani na harufu ya dawa kali. Mhudumu, amevaa mabuti ya mpira, alikuwa ameshika bisibisi, tayari kufunga jeneza.

"Wenzako husaini pale mezani, bibie," alisema.

"Wenzangu wana macho marefu," Mama Nukta akajibu, akavaa glavu.

Uso wa marehemu ulikuwa umeumia, haukuweza kusema lolote. Akaufunua mkono wa kushoto. Ukucha wa gumba ulikuwepo, mzima. Akatazama na wa kulia, kwa kuwa dada naye ni binadamu, huenda alichanganya. Nao ulikuwepo.

"Huyu siye."

"Siye vipi? Jina limeshonwa kwenye koti lake, hili hapa!"

"Nifungulie droo ya yule mwenzake."

"Huyo si mtu wenu. Ni wa nchi nyingine."

"Nionyeshe mkono tu, baba. Mkono hauna uraia."

Mhudumu akavuta droo. Gumba la kushoto halikuwa na ukucha, laini kama punje ya maharagwe.

Dereva, ambaye siku zote hungoja garini, safari hii alikuwa mlangoni. Akatumwa ampigie msimamizi wa ujenzi, amuulize habari ya koti. Msimamizi akasema, "Yule mwenzake aliamka na homa, anatetemeka. Nilimwona huyu wenu akimvika koti lake mwenyewe. Likanitoka kichwani. Mungu anisamehe."

Ilikuwa saa nane. Mhudumu akashusha sauti. "Tubadilishe miili tu, karatasi tuziache zilivyo. Ndege mtaiwahi. Nani atajua?"

Dereva alimtazama Mama Nukta, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile aliogopa asije akakubali.

"Cheti hiki cha kifo kina majeraha ya yule pale," Mama Nukta alisema. "Nikikitumia, nimempokonya huyu wetu kifo chake. Daktari awapime upya wote wawili, hata kama ni kesho."

Akampigia kwanza afisa wa ubalozi wa yule mwingine. Ndipo akampigia dada, akamweleza yote, pamoja na habari ya koti, wala hakumficha kwamba ndege itawapita. Upande wa pili kukawa na minong'ono. Kisha ikasikika sauti nzito ya mama mzazi.

"Mwanangu, nilikuwa karibu kumzika mtoto wa mwenzangu?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe kwa kukucheleweshea wako."

"Unisamehe wewe kwa taabu uliyoipata. Wangu nitamngoja, hata siku sita. Huyo aliyevaa koti lake ana mtu?"

"Afisa wao yuko njiani, Mama. Anatoka mbali."

"Basi usimwache peke yake mpaka mtu wake afike. Mwanangu hakumwacha."

Mama Nukta aliitikia, akakata simu. Mhudumu akakohoa. "Bibie, mimi hufunga saa kumi na moja."

"Leo hufungi," dereva alisema, akivua kofia. "Tuletee viti. Viwili."