Kifungu cha Tisa

Kazi yangu ni kusoma miswada kabla haijaingia bungeni. Kuielewa hakumo kwenye mkataba wangu. Miswada husomwa na watu wawili kwa sauti: mmoja anatamka kila neno, kila mkato, kila nukta, na mwenzake anafuata kwa kalamu nyekundu. Miaka mingi nilisoma na mzee tuliyembandika jina la Mkato, maana hata salamu zake zilikuwa na alama za uandishi. Huyo alikuwa na mdomo. Katikati ya kifungu angesimama na kusema, "Hebu ngoja kwanza, hapa nani anaumia?" Nilimkaripia kwamba ananichelewesha.

Alipostaafu hawakuleta mwingine. Sasa najisomea na kujifuata mwenyewe. Chumba cha jirani wanasema huyu mama anaongea na ukuta. Kuna siku natoka kazini sijaambiwa neno zaidi ya "shikamoo". Upweke huu nauchukia, sifichi.

Muswada wa maji ya viwandani niliungoja kwa hamu. Mdogo wangu anakaa nyuma ya kiwanda cha rangi, na maji ya kisima chao yamebadilika. Mwanawe ana vidonda mwili mzima, havisikii dawa. Kifungu cha tisa kilisema serikali itapima visima vyote vilivyo jirani na viwanda, mwenye kiwanda atake asitake. Mdogo wangu alikuwa akinipigia kila mara: "Dada, bado tu?" Namjibu, subira yavuta heri.

Jumanne mwenyekiti wa kamati ya bunge alileta kifungu kimoja cha nyongeza. Karatasi yake ilikuwa nene, nyeupe pee, na sehemu ya juu, panapokaa jina la ofisi, imekatwa kwa mkasi. Karatasi za ofisi yetu ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Niliona, nikajiambia ya wakubwa niwaachie wakubwa.

Nikaanza kusoma kwa sauti. Kichwa kilisema "Msamaha wa kupimwa", lakini ndani kilitaja kifungu cha kumi na tisa. Cha kumi na tisa kinahusu vitambulisho vya wakaguzi! Nilifurahi kama paka aliyenasa panya. Namba tunaruhusiwa kuzisahihisha bila kumwomba mtu. Nikakata kumi, nikaacha tisa, nikarudia kusoma tangu mwanzo. Kilikuwa kimenyooka, nikakipeleka.

Alhamisi muswada ukapita. Ijumaa asubuhi mwanamume mwenye suti alibisha mlangoni, akajitambulisha kuwa wakili wa kiwanda cha rangi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, umetuokoa. Lile kosa la namba lilikuwa letu sisi. Lingebaki vile, tungesamehewa vitambulisho tu, na wapimaji wangetuingilia wiki ijayo."

Tangu Mkato aondoke, hakuna aliyewahi kuingia chumbani humu kunishukuru. Naona aibu kusema, lakini kwa dakika nzima nilifurahi.

Alipotoka nikaifungua sheria na kuisoma kimyakimya, bila kalamu, kama mwananchi wa kawaida. Nyongeza ile ilisema kifungu cha tisa hakitatumika kwa kiwanda kinachojipima chenyewe. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jioni mdogo wangu akapiga, analia.

"Dada, eti wanajipima wenyewe! Fisi kaachiwa bucha! Wewe si uko humo humo? Nani katufanyia hivi?"

Ningeweza kusema sijui, na angeniamini.

"Hicho kifungu walikiandika wao wenye kiwanda," nikasema. "Ila kilikuwa na kosa, kisingewasaidia kitu. Mimi ndiye niliyekisahihisha."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akilalamika kwamba anawashwa.

"Kwani hukukisoma, dada?"

"Nilikisoma, mdogo wangu. Mara mbili, kwa sauti."

Akakata simu.