Aliyepotea Machoni

"Na nani alimutuma binti yako amutie bwana yangu kaburini? Nijibu, Mama Nuru. Ni wewe ao ni hesabu zake?"

Mama Philomène alikuwa upande wake wa ua wa matete, mwiko bado mkononi. Upande wa pili, Mama Ramla, mama yake Nuru, alikuwa anaanika mpunga, wala hakuinua uso.

"Ulimi uliteleza, Mama Philo. Mutoto ameomba musamaha tangu juzi."

"Ulimi wa iniversite hautelezi. Munalipia."

Hapo majirani wa Alunguli waliokuwa na kazi waliiacha. Wasio na kazi walishafika zamani. Kisa chenyewe ni hiki. Nuru, binti wa Ramla, alikuja likizo kutoka Kinshasa. Kina mama wakawa wanamsuka barazani, wakamuuliza anasomea nini hasa. Akasema aktuaria, hesabu za maisha ya watu: kati ya watu elfu wenye umri mmoja, wangapi watafika uzeeni na wangapi hawatafika. Na inatoa kazi gani hiyo? Asiransi, yaani bima, benki, ofisi za pansioni. Siku hizi makampuni yanawatafuta watu hao kwa tochi. Kina mama wakacheka, wakasema basi ni mganga mwenye diploma. Nuru naye raha ya kusikilizwa ikampanda kichwani, akatoa mfano: "Tuseme kama marehemu Papa Léon..."

Vidole vilivyokuwa vinasuka vikasimama. Katika mtaa mzima hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo, "marehemu", karibu na nyumba ya Mama Philomène.

Léon wake aliondoka katika miaka ya vita, akisukuma baiskeli yenye gunia la chumvi, aende kuwauzia wachimba dhahabu wa Kampene. Pampu aliisahau kwenye msumari, juu ya kiti chake cha ukutani. Hakurudi. Mama Philomène hakukaa matanga, hakuolewa tena, na kila masika aliipaka ile pampu mawese ngozi yake ya ndani isikauke.

Ndoto yake ilikuwa moja tu. Gunia limetoboka, chumvi inachuruzika, mstari mweupe juu ya udongo mwekundu. Yeye anaufuata na pampu mkononi, miguu haigusi chini, msitu umenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu, na mbele kidogo anasikia tairi likitoa pumzi, polepole, kama mtu anayelala. Kwenye kona ya kwanza mstari unaisha. Anaamka na ladha ya chumvi mdomoni.

Sasa neno la Nuru lilikuwa limeshavuka mto. Ndugu za Léon wa ng'ambo walituma mtu kuuliza matanga yatawekwa lini, waje na turubai. Neno lile lisiporudishwa, Léon angezikwa na midomo ya watu kabla ya juma kuisha.

Nuru akatoka ndani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Hakuna aliyecheka.

"Mama Philo, nimekukosea. Na hata darasani ningepata ziro. Tunakatazwa kufanya vile."

"Vipi?"

"Mutu akitoka machoni, hakuna aliyemuona amekufa, haturuhusiwi kumutia kwa wafu. Tunamuita aliyepotea machoni. Tunamuhesabu muzima mupaka siku ya mwisho alionekana."

"Na kisha?"

"Kisha tunanyamaza. Tukimuzika mbio, hesabu yote inakuwa uongo. Tukimufuta, ni uongo pia, juu miaka aliishi ni ya kweli. Iko na nafasi yake."

Mama Philomène aliushusha mwiko. Miaka yote hiyo watu walimletea milango miwili tu: mchungaji alimwambia amwombee pumziko, wambea walimwambia ana mke mwingine Kampene. Wa tatu hakuwahi kuusikia, na umeletwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimwosha kwenye beseni.

"Siku ya mwisho," alisema pole pole. "Alionekana asubuhi, kwenye kona ya kwanza. Tairi lilikuwa linalegea. Na pampu niko nayo mimi."

"Si kwenye kona," alisema Ramla.

Wote wakageuka. Ramla alikuwa ameacha mpunga.

"Bwana yangu Abdoul, Mungu amurehemu, alimukuta mbali siku ile ile, jua linashuka. Alikuwa amekaa na watu wa njiani, anakula muhogo wa kuchoma na chumvi yake mwenyewe, anacheka. Walikuwa wamemujazia tairi."

"Na haukuniambia."

"Uliuliza kama Abdoul alimuona amekufa. Nikasema hapana. Na wakati ule wa vita, Mama Philo, nani alikuwa anasubutu kusema alikuta nani njiani? Baadaye neno likalala."

Mama Philomène alitazama juu ya vichwa vya watu, kule barabara inakoingia msituni. Mstari mweupe ulikuwa umeipita kona. Ulikuwa unakwenda, unakwenda, mchana mzima ambao hakuwahi kuwa nao, hadi kwenye moshi wa muhogo na kicheko anachokijua.

"Uwaambie wa ng'ambo wakunje turubai yao," alimwambia Nuru, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Kisha akausogeza mlango wa ua kwa goti.

"Ingieni. Sombe imeiva, na wali niliupika mwingi juu ya hasira. Ramla, leta na maji. Wewe, mutoto wa hesabu, kaa popote unataka. Kile kiti cha ukutani tu, ukiache."